Barbaturex, mjusi mkubwa mla majani: ni joto peke yake lililomkuza?

Mwalimu wa Kisauni

Assalaam aleikum ndugu zangu, na salamu kwa wote. Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Kisauni, na tulipofikia mada ya wanyama wenye damu baridi niliwaeleza wanafunzi habari za Barbaturex morrisoni, mjusi aliyeishi yapata miaka milioni 40 iliyopita katika nchi ambayo leo ni Myanmar. Niliwaambia kwamba kuanzia puani hadi mwanzo wa mkia alikuwa na urefu wa karibu mita 1, kwamba uzito wake umekadiriwa kufika kilo 27 hivi, na kwamba chakula chake kilikuwa majani. Nikaongeza kwamba wanasayansi waliomtangaza mwaka 2013 wanauhusisha ukubwa huo na joto la Eosini, enzi ya kale alimoishi mjusi huyo, wakati ambapo ncha za dunia hazikuwa zimefunikwa na barafu kama zilivyo leo.

Binti mmoja akanyoosha mkono, akauliza: ikiwa joto ndilo linalokuza mijusi, mbona hapa Mombasa, ambako Februari na Machi hatupati usingizi kwa fukuto, mijusi tunaowaona ukutani hawazidi kiganja cha mkono? Akaendelea kusema kwamba kenge anaowaona kwenye mikoko ya hori la Tudor ni wakubwa kweli, lakini wale ni wala nyama na wezi wa mayai, si wala majani.

Swali lake naliona zito, na nisingependa kulijibu kwa sentensi moja. Naomba msaada wenu katika mambo mawili. La kwanza, wamewezaje kujua ukubwa wa mnyama huyu na chakula chake ilhali walichonacho mkononi ni vipande vya taya? La pili, joto lina kazi gani hasa katika mwili wa mjusi mla majani, na kwa nini joto letu halitoshi?

Msomi wa Kibokoni

Waaleikum salaam, Mwalimu. Nitaanza na taya, kwa kuwa hilo ndilo lililoshikwa kwa mikono na kupimwa. Mengine yote ni hoja zilizojengwa juu yake, na ni vizuri wanafunzi wajue tofauti hiyo tangu mwanzo.

Mifupa hiyo ilitoka katika matabaka ya mawe ya Pondaung, katikati ya Myanmar. Ilikusanywa miaka ya 1970, ikapelekwa katika makumbusho ya paleontolojia ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na ikakaa huko miongo kadhaa bila kupewa jina, mpaka mtaalamu wa visukuku Jason Head na wenzake walipoichunguza. Jina la jenasi lina maana ya mfalme mwenye ndevu, kwa ajili ya matuta yaliyo upande wa chini wa taya, na jina la spishi ni kumbukumbu ya mwimbaji wa Marekani Jim Morrison, aliyekuwa akijiita mfalme wa mijusi. Vijana huipenda habari hiyo, ingawa haituongezei lolote kuhusu mnyama mwenyewe.

Sasa tazama meno. Mjusi kafiri anayewinda wadudu kwenye taa ya baraza ana meno yaliyoegemea upande wa ndani wa taya, na likidondoka moja huota jingine mahali pake. Barbaturex ni wa kundi lenye mpango tofauti kabisa: meno yake yamekaa juu ya ukingo wa taya na kuungana na mfupa wenyewe, hata ni vigumu kuonyesha jino linakomea wapi na mfupa unaanzia wapi. Meno ya aina hiyo hayabadilishwi. Kadiri mnyama anavyokua, mengine huongezeka upande wa nyuma, na yale ya mbele, ambayo ndiyo ya zamani, husagika taratibu miaka nenda miaka rudi.

Kundi hilo haliko mbali nawe, Mwalimu, kwa sababu kinyonga naye ni wa humo. Mkibahatika kuokota fuvu la kinyonga aliyejifia kwenye ua wa shule, lisafisheni, mlitazame kwa kioo cha kukuzia, nanyi mtaona ukingo wa taya umechongeka kama msumeno, pembetatu moja baada ya nyingine, pasipo tundu wala mfereji wa kushikilia jino. Mwanafunzi akishaliona hilo kwa macho yake hatashangaa tena kwamba kipande cha taya kinatosha kumtambulisha mnyama ni wa ukoo gani.

Ukubwa wake ulipatikana kwa kupima taya na kulilinganisha na uwiano wa taya na mwili kwa jamaa zake walio hai. Utawakuta waandishi wanaotaja urefu wa karibu mita 1.8, hao wamehesabu na mkia. Mimi ningewapa wanafunzi kile kipimo cha mita 1 bila mkia, maana urefu wa mkia hutofautiana sana kati ya mijusi wa ukoo mmoja na wa mwingine.

Kuhusu chakula, watafiti walitegemea mambo matatu kwa pamoja: umbo la meno, ukoo wa mnyama, na ukubwa wake. Hapa kwenye ukoo ndipo napapenda zaidi, kwa sababu mmoja wa jamaa zake wa karibu walio hai ni Uromastyx, ambaye Waarabu humwita dhabb. Wengi wetu tulimsikia dhabb madrasa kabla ya kumsikia katika biolojia: ndiye mnyama aliyewekwa mbele ya Mtume (s.a.w.) akiwa amechomwa, naye hakumla wala hakumharamisha, na Khalid bin Walid akamla. Dhabb ni mjusi wa jangwani, mnene, mwenye mkia wa miiba, anayeishi kwa majani na mbegu, na asubuhi hutoka shimoni akaota jua mpaka mwili wake ukaribie nyuzi 40 ndipo aanze shughuli zake.

Huko kuota jua si starehe, na hilo linanifikisha kwenye swali lako la pili. Majani yana nyuzinyuzi ambazo tumbo la mnyama peke yake haliwezi kuzivunja, na kazi hiyo hufanywa na vijidudu wanaoishi matumboni na kuyachachusha. Vijidudu hao wanahitaji joto, tena joto lisilopandapanda na kushuka. Mbuzi au ng'ombe hulitengeneza joto hilo ndani ya mwili wake, na gharama yake ni chakula kingi kila siku. Mjusi halitengenezi, hulipokea kutoka kwa jua, hewa na mawe. Akiwa mdogo hupata moto upesi akatosheka na saa chache za jua, lakini akiwa na kilo 27 mwili wake hupata moto polepole sana, kwa hiyo anahitaji nchi ambayo joto lake halipungui sana hata usiku, na hata miezi ya mvua. Watafiti wanakadiria kwamba Pondaung ya wakati ule ilikuwa na joto la nyuzi 2 hadi 5 zaidi ya leo. Wastani wetu wa mwaka hapa Mombasa ni kama nyuzi 26, na usiku wa Julai, kusi inapovuma, tunashuka hadi karibu 20. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu kwa binti yetu.

Bi. Tudor

Nawasalimu nyote. Maelezo ya Msomi kuhusu taya ni mazuri na sina la kupunguza. Kuhusu joto, hata hivyo, naomba tusiende haraka, kwa sababu mwanafunzi mwenye akili atauliza: hizo nyuzi 2 hadi 5 zimepatikanaje? Jibu ni kwamba zimekokotolewa kutokana na ukubwa wa mjusi huyo huyo. Basi tukisema mjusi alikuwa mkubwa kwa kuwa kulikuwa na joto, kisha tukasema tunajua kulikuwa na joto kwa kuwa mjusi alikuwa mkubwa, tutakuwa tunazunguka palepale.

Njia hiyo si ngeni. Head huyo huyo na wenzake waliitumia mwaka 2009 kwa Titanoboa, nyoka wa kale wa Colombia, wa ukoo wa boa, aliyekadiriwa kuwa na urefu wa mita 13 na uzito unaozidi kilo 1,000, wakasema nchi yake ilikuwa na wastani wa nyuzi 30 hadi 34. Wanasayansi wengine waliipinga hesabu hiyo mwaka huo huo katika jarida lile lile lililoichapisha, yaani Nature. Ninalolisisitiza mimi ni kwamba ushahidi wa joto la Eosini lazima utoke mahali pengine, na bahati njema upo tena wa kutosha: katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, kuna visukuku vya kasa na vya jamaa wa mamba kutoka mwanzoni mwa Eosini, na oksijeni iliyohifadhiwa katika magamba ya viumbe wadogo wa baharini inaeleza habari hiyo hiyo ya bahari zenye joto. Hayo hayamtegemei Barbaturex hata kidogo. Mwalimu, ukiyaweka mbele kwanza, ndipo mjusi wako atakuja kama matokeo badala ya kuwa ushahidi na matokeo kwa wakati mmoja.

Jambo la pili ni kwamba mijusi wakubwa hawakuishi nyakati za joto tu. Varanus priscus wa Australia, jamaa wa kenge na mkubwa kuliko Barbaturex kwa mbali, aliishi katika Pleistosini, enzi ambayo barafu ilikuwa ikienea na kurudi nyuma. Joka wa Komodo anafika mita 3 na yu hai leo. Lakini hao wote ni wala nyama, na nyama humeng'enywa kwa urahisi kuliko majani. Kwa hiyo dai lililo salama ni dogo kuliko lile tunalolisikia mara nyingi: joto jingi linamhusu mjusi mkubwa *mla majani*, si kila mjusi mkubwa.

Tena mnisikilize hili, kwani nadhani ndilo litakalomridhisha binti. Nendeni Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Bamburi, mkawatazame wale kobe wakubwa wa asili ya Aldabra, kisiwa cha Ushelisheli, akiwemo Mzee, yule aliyefanya urafiki na kiboko Owen aliyeokolewa pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Hao ni wanyama watambaao, damu baridi, wala majani, wazito kuliko Barbaturex mara nyingi, nao wanaishi Mombasa kwa joto letu hili hili bila taabu. Basi joto la Mombasa si kizuizi kwa mtambaazi mkubwa mla majani! Kizuizi kiko kwingine. Kule Aldabra hakukuwa na mamalia wa asili wa nchi kavu isipokuwa popo: hapakuwa na wa kushindana nao malishoni wala wa kufukua mayai yao. Mahali walipofika mabaharia, kobe wa aina hiyo walipakiwa majahazini na merikebuni kuwa kitoweo, wakaisha kisiwa baada ya kisiwa. Ukiwafuatilia mijusi wakubwa wala majani walio hai leo utawakuta kwa wingi visiwani vilevile: Galápagos, Karibi, Fiji.

Msomi wa Kibokoni

Bi. Tudor, nashukuru, hoja ya kuzunguka palepale ni ya haki na Mwalimu aichukue kama ilivyo. Lakini mfano wa visiwa ndio hasa unaomfanya Barbaturex astahili kuzungumzwa, kwa maana yeye hakuwa mnyama wa kisiwani. Katika matabaka yale yale ya Pondaung wamepatikana mamalia wengi: wanyama wakubwa wenye kwato waliokula majani, nyani wa kale kama Pondaungia, na wala nyama waliokuwa na uwezo wa kumwinda. Watafiti walipowapanga wote kwa uzito, waliona kwamba mjusi huyu alikuwa miongoni mwa wala majani wakubwa, na alikuwa mzito kuliko wengi wa wala nyama waliomzunguka. Kama ushindani wa mamalia ungekuwa peke yake unatosha kuwazuia mijusi wasikue, huyu asingekuwapo. Ndiyo maana wakalirudia joto: kwanza linauchangamsha mwili wa mnyama wa damu baridi, na pili linaongeza wingi wa majani, basi hata wala majani wengi wakiwa pamoja malisho hayawaishii.

Kwa kobe nakubali, ila kobe ana gamba, na gamba ni ulinzi ambao mjusi hana. Kobe aliyekomaa hahitaji mbio.

Bi. Tudor

Hapo umenipata kwenye gamba, na kuhusu Pondaung nakubali pia. Tuseme basi kwamba joto hufungua mlango, na mamalia huamua ni nani atakayepita, isipokuwa kwamba katika Eosini mlango ulikuwa wazi kiasi cha kuwatosha wote.

Mwana wa Changamwe

Naingia kidogo kwa upande wa mawe, kwa kuwa naona wanafunzi watauliza mbona sisi hatumpati mnyama kama huyo hapa kwetu. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, lile ambalo Fort Jesus imesimama juu yake na ambalo kule Bamburi lilichimbwa kutengenezea saruji, na jiwe hilo ni changa, umri wake hauzidi laki chache za miaka. Ukivuka kuja huku kwetu, kuelekea Changamwe na Port Reitz, unakuta ghafla matabaka ya mfinyanzi mgumu wa Jurasiki, ambayo yana zaidi ya miaka milioni 140, na humo hupatikana amonaiti, viumbe wa baharini wenye gamba lililojiviringa. Kati ya jiwe la kisiwani na mawe haya ya bara kuna pengo kubwa, na miaka milioni 40 imo ndani ya pengo hilo. Hata kama mijusi wakubwa walipita hapa, ukurasa wao haupo kwenye mawe tunayokanyaga.

Kwa visukuku vya mijusi wa Kenya, waelekezeni wanafunzi kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria. Huko kumepatikana kenge wa kale aliyepewa jina la kisiwa chenyewe, Varanus rusingensis, na fuvu la kinyonga lenye umri wa miaka milioni 18 hivi, ambalo utafiti wa mwaka 2020 uliliweka katika jenasi ya Calumma, vinyonga ambao leo wanaishi Madagaska. Fuvu hilo limetumiwa kuonyesha kwamba asili ya vinyonga hao ni Afrika bara, nao wakavuka bahari baadaye. Na mtoto yeyote atakayeokota kitu cha namna hii asikibomoe wala asikiuze: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inataka kiripotiwe, na ofisi za makumbusho zipo pale pale Fort Jesus.

Mwalimu wa Kisauni

Allah awalipe kheri nyote. Nimeyapanga haya kwa utaratibu alioushauri Bi. Tudor, ushahidi wa joto kwanza na mjusi baadaye, na safari ya Bamburi nimekwisha kuiombea ruhusa kwa mwalimu mkuu. Limebaki swali moja ambalo najua litakuja, kwa sababu hawa vijana wanasikia habari za tabianchi kila siku redioni: dunia inapozidi kupata joto hivi sasa, je, tutarajie mijusi wakubwa wala majani warudi?

Msomi wa Kibokoni

Mwalimu, waambie hapana, na sababu uwape kwa kina.

Mwili wa ukoo mzima wa wanyama haukui kwa karne moja wala kwa karne kumi. Joto la Eosini lilidumu mamilioni ya miaka, na misitu ilidumu nalo. Yaani mjusi alikuwa na wakati wa kubadilika kizazi baada ya kizazi, na alikuwa na mahali pa kuishi wakati wote huo. Joto la sasa linapanda katika muda wa maisha ya watu watatu au wanne, huku misitu ikikatwa na mashamba na nyumba zikishika nafasi yake. Mnyama anayehitaji eneo kubwa la malisho hana pa kuanzia.

Zaidi ya hilo, joto la haraka linawadhuru mijusi waliopo. Mwaka 2010 Barry Sinervo na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti wa mijusi wa jenasi ya Sceloporus nchini Mexico. Walirudi katika maeneo 200 ambayo mijusi hao walikuwa wameorodheshwa tangu mwaka 1975, wakakuta asilimia 12 ya jamii hizo za mahali zimetoweka. Maelezo yao ni haya, nami nakuomba uyafafanue ubaoni kwa mchoro wa saa za siku. Mjusi anaota jua asubuhi mpaka mwili uwe tayari, kisha anatoka kutafuta chakula, na jua likizidi kiwango anachokivumilia analazimika kurudi kivulini au shimoni. Mwaka ukiwa na joto zaidi, saa za kivulini huongezeka na saa za kula hupungua, na hilo linamgusa zaidi jike katika majira ya kuzaa, wakati anapohitaji chakula kingi kuliko wakati mwingine wowote. Hafi kwa kuungua. Anakosa chakula cha kutosha kuzaa, na baada ya miaka kadhaa mahali pale panabaki bila mijusi.

Kwa hiyo nyuzi zile zile zinaweza kumkuza mjusi zikija polepole katika msitu mzima, na zikamfuta zikija haraka mahali palipokatwa miti. Kama mnaweza, siku ya Bamburi wape wanafunzi kazi ya kuandika ni saa ngapi kila kobe, mamba na mjusi wanayemwona yuko juani, na ni saa ngapi ameingia kivulini, pamoja na joto la hewa la wakati huo. Kipimajoto cha kawaida cha maabara kinatosha, mradi kisiwekwe kwenye jua moja kwa moja.